Rangi za vipeo na uwazi kutoka Blender: uchague glTF, FBX, OBJ au PLY?

Nyumba ya kwanza niliyoijenga kwa gemu yetu ya Lamu ni nyumba ya mawe ya Mkomani, yenye daka mbele na ukuta wa vidaka ndani. Vidaka vile nilivipaka kwa rangi za vipeo tu, yaani rangi inayoandikwa kwenye kila kipeo (pembe ya umbo), bila picha yoyote ya kubandika: weupe wa chokaa kwenye kingo, kisha kiza kinachozidi kadiri tundu linavyoingia ukutani. Ndani ya Blender, programu ya kuchonga maumbo ya 3D, kazi ilipendeza. Nikaihamisha, nikaifungua kwenye simu ndani ya injini ya gemu (programu inayoendesha gemu), nikampa simu mzee mmoja fundi wa chokaa aliyekuwa amekaa barazani. Akaitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, kidaka hakiwi cheupe mpaka ndani. Hapa hata kikombe huweki, kitaanguka."

Alisema kweli. Kiza chote kilikuwa kimefifia na ukuta ulionekana bapa. Faili ilifika salama, idadi ya vipeo ilikuwa ile ile, hakuna onyo lolote lililotokea kwenye skrini. Rangi ndizo zilizobadilika njiani.

Tangu siku hiyo nimehamisha majengo, majahazi, mikoko na maji kwa fomati nne tofauti za faili, na ninaulizwa mara kwa mara na vijana wanaoanza: nitumie ipi? Jibu linategemea jambo ambalo wengi hawaliangalii. Rangi ya kipeo hupita mikono mitatu kabla haijaonekana. Wa kwanza ni programu ya kuchorea inayoandika faili. Wa pili ni injini inayoisoma. Wa tatu ni materiali, yaani maelezo ya jinsi uso unavyoonekana, inayoamua kama rangi hiyo itatumiwa au itaachwa. Fomati inasimamia mkono wa kwanza na sehemu ya wa pili. Ukichagua fomati ukidhani imemaliza kazi ya mikono yote mitatu, utapata umbo la kijivu au maji yasiyopitisha jicho, na utailaumu faili isiyo na kosa.

Kwa nini kuhangaika na rangi za vipeo? Hesabu yake ni fupi. Picha ya pikseli 2048 kwa 2048 yenye chaneli nne (nyekundu, kijani, buluu na alfa, namba inayosema rangi ifunike kiasi gani), ikikaa kwenye kumbukumbu bila kubanwa, inakula baiti 16,777,216, yaani megabaiti 16. Ukiibana kwa ETC2 yenye alfa, njia ya kubana picha za simu, inabaki megabaiti 4. Vipeo 20,000 vikibeba rangi ya baiti nne kila kimoja vinakula baiti 80,000. Mchezaji wetu ana simu ya bei nafuu na anapakua gemu kwa bando alilonunua la siku moja. Kwake tofauti hiyo ni kubwa.

Kwanza, rangi yenyewe inahesabiwaje

Hapa ndipo kidaka changu kilipoharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Blender, tangu toleo la 3.2 la mwaka 2022, inaziita rangi hizi Color Attribute, na unapoongeza mpya inakuuliza mambo mawili. La kwanza ni aina ya data. Byte Color ni biti 8 kwa chaneli, na namba zake zimeandikwa kwa sRGB. Color ni namba za desimali za biti 32, na zimeandikwa kwa linia, yaani kipimo cha mwanga wenyewe. sRGB ni mpango wa kugawa namba nyingi zaidi kwenye vivuli vya giza, kwa sababu jicho letu linatofautisha giza na giza vizuri kuliko mwanga na mwanga.

Sasa chukua kijivu cha 0.5 kwa sRGB. Kwa kipimo cha mwanga hicho ni karibu 0.21 tu. Injini ikiisoma ile 0.5 kana kwamba tayari ni mwanga, itakapoirudisha kwenye skrini itaonekana kama 0.74 ya sRGB. Kijivu cha katikati kimekuwa jirani ya weupe. Kiza cha ndani ya kidaka nacho kinapandishwa vivyo hivyo, na giza ndilo linaloumia zaidi. Kosa la upande wa pili lipo pia: rangi iliyokwisha kugeuzwa linia ikigeuzwa tena, ukuta wa chokaa unageuka kama umepigwa na moshi wa jiko.

Jambo la pili unaloulizwa ni rangi ikae wapi: kwenye kipeo chenyewe, au kwenye kona ya kila uso. Rangi ya kwenye kipeo ni moja kwa nyuso zote zinazokutana pale. Rangi ya kwenye kona inaruhusu uso huu uwe mweupe na jirani yake uwe wa hudhurungi, na mpaka kati yao ukatike kama umekatwa kwa kisu. Lakini injini za gemu hazina kona. Zina vipeo tu. Kwa hiyo kila mahali rangi zinapotofautiana, kipeo hugawanywa. Kasha lenye vipeo 8, ukilipa rangi tofauti kila uso, linafika kwenye injini likiwa na vipeo 24. Kwa mlango wa nakshi wenye mamia ya kingo hilo linaonekana kwenye mizani. Mimi hutumia kona pale tu ninapotaka mpaka mkali, kama boriti la mkoko linapoingia kwenye ukuta wa matumbawe. Kwingine natumia kipeo.

Fomati nne zikiwekwa bega kwa bega

glTF 2.0 ilitolewa na Khronos Group mwaka 2017, na tangu 2022 ni kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 12113. Kwangu nguvu yake kubwa ni kwamba imeandika waziwazi maana ya rangi ya kipeo. Inaitwa COLOR_0, inaweza kuwa na chaneli tatu au nne, iko kwenye linia, na inazidishwa na rangi ya msingi ya materiali pamoja na picha yake kama ipo. Hakuna kubahatisha. Blender inaposafirisha Byte Color yako inaigeuza kuwa linia yenyewe, na injini inayofuata kiwango inajua imepokea nini. Vilevile materiali inasafiri ndani ya faili hiyo hiyo pamoja na hali yake ya uwazi, na hilo nitalirudia.

Mtego wake upo Blender. Mpangilio wa kawaida wa kuhamisha glTF hutoa rangi za vipeo ikiwa tu materiali inazitumia. Lazima uweke nodi (kisanduku kinachounganishwa kwa waya) ya Color Attribute na uiunganishe na Base Color. Ukipaka ukuta mzima kwa brashi na usiunganishe nodi, rangi hazitoki. Nimeona watu wakiiacha glTF kwa sababu hiyo peke yake. Matoleo mapya yana chaguo la kulazimisha rangi iliyo hai (Active, uliyoichagua sasa) itolewe hata kama materiali haiitumii. Litumie unapotaka rangi ziwe data ya sheda (programu ndogo inayopaka pikseli) yako mwenyewe.

FBX ni mali ya Autodesk, na ndiyo fomati ambayo injini za Unity na Unreal zimeizoea kwa miaka mingi. Inabeba rangi za vipeo zenye alfa, mifupa, na mwendo. Maelezo kamili ya fomati hii hayakuwahi kuwekwa wazi kwa umma, na Blender inaiandika bila kutumia maktaba ya Autodesk, kwa sababu leseni haziendani. Kwa umbo na rangi za vipeo hilo halijanisumbua. Kinachosumbua ni kwamba FBX haikuambii rangi iko kwenye sRGB au linia. Dirisha la kuhamisha la Blender linakupa chaguo: sRGB, linia, au zisitoke kabisa. Ukichagua sRGB na sheda yako inazichukua namba kama zilivyo, ndani ya mradi unaohesabu rangi kwa linia, unapata kidaka changu cheupe. Mpangilio nilioweka siku ile ulikuwa huo hasa.

Materiali nayo husafiri vibaya ndani ya FBX. Nodi ulizozipanga Blender hazifiki. Hufika rangi ya msingi na mambo machache ya mtindo wa zamani. Hesabu kwamba utajenga materiali upya ndani ya injini.

OBJ ni fomati kongwe ya Wavefront, ya maandishi matupu, na unaweza kuifungua kwa kihariri chochote ukaona kila kipeo na mstari wake. Asili yake haina rangi za vipeo. Kuna desturi iliyoenea ya kuongeza namba tatu za rangi baada ya namba tatu za mahali kwenye mstari huo huo, na Blender inaweza kuandika hivyo. Lakini ni namba tatu. Alfa haina pa kukaa. Uwazi wa OBJ unaishi kwenye faili ya pembeni ya MTL, nao ni wa materiali, si wa kila kipeo. Na kwa kuwa ni desturi na si kanuni, baadhi ya programu huzisoma zile namba za ziada na nyingine huziruka kimya kimya. Mimi OBJ nimeibakiza kwa kazi moja: kupeleka umbo lisilo na rangi kwa mtu ambaye sijui anatumia programu gani.

PLY ilitoka Chuo Kikuu cha Stanford, na ilizaliwa kwa ajili ya maumbo yaliyopigwa skani. Inabeba rangi kwa kila kipeo, na alfa inaweza kuwemo. Ukipiga picha nyingi za kuta za Ngome ya Lamu, ile iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, ukazigeuza kuwa umbo, PLY ndiyo njia nzuri ya kuleta rangi za mawe Blender. Haina materiali, haina mwendo, na haifai kuwa faili ya mwisho ya kuingia kwenye gemu. Itumie kama mlango wa kuingilia.

Uwazi ni jambo jingine kabisa

Mpwa wangu ndiye aliyepaka maji ya mbele ya mji. Tulitaka maji yaonekane kama yalivyo yanapopwa: karibu na mchanga yawe membamba mpaka uone chini, na kuelekea mkondoni yawe mazito. Hiyo ni kazi ya alfa ya kipeo hasa. Sifuri kwenye mchanga, 0.8 mkondoni, na injini inajaza mteremko katikati. Akahamisha, akafungua, akaniita.

"Mjomba, mbona pwani ina pete nyeusi?"

Ilikuwepo kweli, pete ya kiza inayofuata ukingo wa mchanga kama mafuta yaliyomwagika. Tukafungua data. Vipeo vya ukingoni vilikuwa na alfa sifuri, lakini rangi yake ilikuwa nyeusi, kwa sababu alianza na safu tupu akapaka buluu pale tu alipotaka maji yaonekane. Akaona kwamba palipo na alfa sifuri rangi haina maana. Ina maana. Injini inachanganya rangi na alfa kila moja kwa njia yake kutoka kipeo hadi kipeo. Nusu ya njia, alfa imefika 0.4 na rangi bado ni nusu nyeusi. Dawa ni kupaka buluu mpaka mchangani, kila mahali, kisha kushusha alfa peke yake. Brashi za Blender zina hali ya Erase Alpha na Add Alpha kwa kazi hiyo, hazigusi rangi.

Sasa, fomati inaamua nini hapa? Katika glTF materiali ina hali tatu. OPAQUE haijali alfa hata kama imo kwenye faili, na ndiyo hali ya kawaida usipotaja nyingine. MASK inakata: alfa ikiwa chini ya kiwango, pikseli haichorwi, ikifika kiwango, inachorwa nzima. Kiwango cha kawaida ni 0.5. BLEND inachanganya na kilicho nyuma. Blender za sasa huamua hali hiyo kwa kuangalia nodi zako: alfa isipounganishwa na kitu unapata OPAQUE, ukiiunganisha moja kwa moja unapata BLEND, ukiipitisha kwenye nodi ya hesabu ya kulinganisha na kiwango au ya kukadiria hadi namba nzima (Round) unapata MASK. Kwa maji yetu, basi, waya wa pili ulihitajika, kutoka Alpha ya nodi ya Color Attribute hadi Alpha ya materiali. Rangi peke yake haitoshi.

FBX inabeba alfa ya vipeo vizuri kabisa, lakini haiiambii injini ifanye nini nayo. OBJ haiwezi. PLY inabeba namba tu.

BLEND na MASK ni chaguo linalostahili fikra kuliko fomati yenyewe. Umbo la BLEND kwa kawaida haliandiki kina (umbali wake kutoka kamera), kwa hiyo injini hulazimika kuyapanga maumbo hayo kutoka mbali hadi karibu, na huyapanga umbo kwa umbo, si pembetatu kwa pembetatu. Maji yetu yalikuwa meshi moja kubwa (umbo la pembetatu zilizounganishwa), na tanga la mashua tulilipa uwazi kidogo ili jua lipenye. Ukizunguka, tanga linatoweka nyuma ya maji yaliyo mbali nalo, kwa sababu kitovu cha ile meshi kubwa kilihesabiwa kuwa karibu. Tuliyakata maji vipande, na tanga tukalifanya lisilo wazi, likiangazwa kwa rangi ya vipeo tu. Likapendeza zaidi, na simu ikapoa. Kila tabaka la BLEND ni pikseli ile ile kuchorwa tena, na simu za bei nafuu zinachoka hapo.

MASK haina shida ya mpangilio, lakini usiitegemee kwa alfa ya vipeo kwenye vitu vyenye nyuzi. Nilijaribu ncha za makuti. Alfa ya kipeo ina maelezo kadiri vipeo vilivyo, hivyo kiwango kinakata mstari ulionyooka kati ya kipeo na kipeo, na paa likawa na ukingo wa meno makubwa. Makuti na nyavu vinataka picha ndogo yenye alfa, au vichongwe kwa pembetatu. Hapo rangi za vipeo zirudi kwenye kazi ya kivuli.

Kuna matumizi ya tatu ambayo nayapenda sana: alfa isiyo uwazi. Mikoko yetu haina sehemu iliyo wazi hata moja, lakini alfa ya kila kipeo inaiambia sheda jani liyumbe kiasi gani upepo wa kusi unapovuma. Sifuri kwenye shina, moja kwenye ncha. Ukifanya hivi, usiunganishe alfa na materiali Blender, la sivyo mkoko wako wote utafika ukiwa BLEND. Lazimisha rangi iliyo hai itoke, na uache materiali iwe OPAQUE.

Na injini je?

Godot ndiyo tunayoitumia, na kwa glTF imetuhudumia vizuri kuliko zote: ikiona COLOR_0 inawasha yenyewe matumizi ya rangi ya kipeo kwenye materiali. Tangu toleo la 4.3 inasoma FBX pia bila kigeuzi cha pembeni. Materiali yake ina swichi mbili za kujua: ya kutumia rangi ya kipeo, na ya kusema kwamba rangi hiyo iko kwenye sRGB. Ile ya pili ndiyo inayoponya vidaka vyeupe vilivyotoka kwingine.

Unity inasoma FBX bila nyongeza yoyote. Kwa glTF unaongeza kifurushi cha glTFast. Kumbuka mkono wa tatu: sheda yake ya kawaida ya Lit haitumii rangi za vipeo kabisa. Zimo kwenye meshi, zinasubiri. Unatengeneza sheda yako kwa Shader Graph, chombo chake cha kupanga sheda, ukitumia nodi ya Vertex Color, na namba zinafika bila kubadilishwa, kwa hiyo mradi ukiwa wa linia hamisha kutoka Blender kwa linia.

Unreal ina chaguo la rangi za vipeo wakati wa kuingiza: Replace, Ignore au Override. Hakikisha ni Replace kabla ya kubonyeza, kisha kwenye materiali weka nodi ya Vertex Color na uchague Opaque, Masked au Translucent mwenyewe.

Ningechaguaje leo

Kama uko Godot, au kama unaanza na hujafungwa na injini yoyote, chukua glTF bila kusita. Maana ya rangi imeandikwa, uwazi unasafiri na materiali, na faili moja ya .glb (glTF yote ikiwa imefungwa pamoja) inatosha kumpelekea mwenzako. Kama uko Unreal, au Unity na una wahusika wenye mifupa na sheda zako mwenyewe, FBX inafaa. Kubaliana na wenzako mapema kuhusu sRGB au linia, mwandike mahali, na asiibadilishe mtu. Kama uko Unity na unataka materiali zifike kama ulivyozipanga, rudi kwenye glTF pamoja na glTFast. PLY kwa skani. OBJ sitaiweka kwenye kazi yoyote yenye uwazi.

Kabla ya kupeleka nyumba nzima, peleka ubao. Ni bamba moja lenye safu mbili za miraba mitano. Safu ya juu ni vijivu visivyo wazi: 0, 0.25, 0.5, 0.75 na 1. Safu ya chini ni rangi moja ya buluu yenye alfa za kiasi hicho hicho. Nyuma yake weka ukuta wenye mistari myeusi na myeupe. Uhamishe kwa mpangilio ule ule utakaoutumia kwa kazi halisi, uingize, ulinganishe na picha ya skrini ya Blender, ukizima kwanza urembo wa rangi, yaani Blender ikiwa kwenye Standard badala ya mpangilio wake wa kawaida. Mraba wa 0.5 ukikaribia weupe, tafuta sRGB. Safu ya chini ikiwa buluu tupu yote mitano, tafuta hali ya uwazi kwenye materiali. Ubao mzima ukiwa mweupe, rangi hazikutoka au hazitumiwi, na faili ya .gltf ya maandishi itakuambia ni lipi: ifungue, tafuta neno COLOR_0.